Ignat Anazunguka Kulia

Kitu cha kwanza Ignat alichonipa ni nundu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye uwanja wetu wa barafu hapa Perm, na hatukuwa tumefahamiana hata nusu saa. Kocha wangu mpya, Rimma Arkadyevna, alisimama ukingoni ndani ya koti lake la manyoya, akatuambia turuke pamoja, bega kwa bega, mruko mwepesi ambao hata wanafunzi wake wa miaka tisa wanauweza. Tukashika kasi, tukageuka kinyumenyume, nikaruka. Ignat naye akaruka. Tulipokutana hewani nilipata nafasi ya kushangaa kidogo, kisha paji langu likagonga kidevu chake, na sote wawili tukateleza kwa makalio mpaka ndani ya goli la hoki.

"Samahani," akasema Ignat, kidevu mkononi. "Kwani wewe unazunguka kushoto?"

"Kila mtu anazunguka kushoto."

"Mimi nazunguka kulia."

Nikamtazama Rimma Arkadyevna. Rimma Arkadyevna akatazama dari.

"Nilimuuliza urefu," akasema taratibu. "Uzito, kiatu, mgongo, magoti. Niliuliza hata mama yake ana hasira kiasi gani. Miaka ishirini na minane nafundisha, sijampata wa kulia hata mmoja. Nani angekumbuka kuuliza?"

"Mama ana hasira za wastani," akasema Ignat.

Nikaanza kucheka. Nilicheka nimekaa vilevile golini, wavu umeninasa nywele, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka barafuni tangu Agosti.

Agosti ndipo Demyan aliponiacha. Si mume, mume wangu Lavr yuko kwenye visima vya gesi huko kaskazini, mwezi kule, mwezi nyumbani, na hana mpango wa kuniacha. Demyan alikuwa mwenzangu wa barafuni, tukiteleza na kuruka kama jozi, mwanamume na mwanamke, kwa miaka tisa. Kocha wetu, Valery Osipovich, alipata kazi Petersburg, akaondoka na Demyan, akamtafutia msichana wa miaka kumi na tano, mwepesi kama unyoya. Mimi nina ishirini na minne na nimeshazaa. Tangu nijifungue, kila asubuhi Valery Osipovich alikuwa akinipandisha kwenye mizani na kushusha pumzi. Habari ya kuachwa niliipata kwa ujumbe wa simu. Ulikuwa na picha ya ua.

Rimma Arkadyevna, ambaye kazi yake ni watoto, ndiye aliyeniokota. Akamtoa Ignat huko mji wa Kirov, mtu wa kuruka peke yake aliyechoka kuwa wa kumi na moja kila shindano. Tulikuwa na siku tano tu. Ijumaa saa nne kamati ya uwanja ingegawa saa za barafu za msimu mzima, na jozi isiyoweza kuonyesha mruko mmoja wa pamoja na mrusho mmoja haipewi hata dakika. Bila barafu hakuna jozi, na mimi ningerudi kwenye dirisha la uwanja kukatia watu tiketi, kazi niliyoishika tangu Demyan aondoke.

Mruko ulipatiwa dawa siku hiyohiyo: Rimma Arkadyevna alitubadilisha pande. Nikisimama kulia kwake tunagongana; nikisimama kushoto tunafunguka, kila mmoja na njia yake, kama milango miwili ya kabati.

Mrusho ndio uliokuwa kazi. Mwanamume anamshika mwenzake kiunoni na kumrusha, naye azunguke hewani na kutua kwa mguu mmoja. Ili nizunguke kushoto, Ignat alipaswa kunirusha kushoto, na mwili wake wote umesoma kulia tangu akiwa na miaka mitano.

"Unanirusha kama gunia la viazi," nikamwambia Jumanne.

"Viazi havilalamiki."

"Viazi havijavunjika kiuno."

Akaanza kuhesabu kwa sauti ili mwili wake usimdanganye. "Moja, mbili, haya twende." Nikapaa, nikaanguka. Moja, mbili, haya twende. Nikaanguka tena, na kila nikianguka yeye alikuwa ameshafika kabla sijaacha kuteleza, kanyoosha mkono, anauliza imekuwa mara ya ngapi. Jumatano, mara ya arobaini na moja, nilitua. Kichwa kilikuwa kinazunguka na dari nayo inazunguka, na binti yangu Ustya, wa miaka miwili, alikuwa ukingoni mapajani kwa mama yangu, mdomo umejaa mkate wa kabichi, anapiga makofi.

Alhamisi mchana Demyan akapiga simu.

"Glasha, amekua," akasema, bila salamu. Glasha ni mimi, Glafira kwa kifupi.

"Nani?"

"Msichana. Sentimita sita tangu Agosti. Nikimnyanyua naona giza. Valery Osipovich anasema urudi."

"Valery Osipovich hana simu?"

"Si unamjua alivyo. Tiketi nimeshakukatia. Treni ya kesho, saa nne na nusu."

Wiki ilianza sina mwenza hata mmoja, na sasa ninao wawili. Mama alishika kichwa kwa furaha. Miaka tisa, alisema, medali nne. Huyo mwingine hata kuzunguka hajui upande. Nikaenda uwanjani kuaga. Ignat alisikiliza huku akifuta barafu kwenye visu vya viatu vyake.

"Nenda," akasema. "Ningekuwa wewe ningeshafika stesheni."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi kuwa wa kumi na moja. Nafasi yangu wananitunzia."

Alitabasamu, lakini visu alivifuta mara tatu, navyo vilikuwa vimekauka zamani. Rimma Arkadyevna hakunibembeleza. "Jina lako litabaki kwenye orodha ya kesho, Glafira," akasema. "Kufuta kunanichosha."

Ijumaa, saa tatu na nusu, sanduku liko mlangoni, makoti tumevaa. Mama akasema, "Tukae." Kwetu mtu hafungi safari bila wote nyumbani kukaa kimya dakika moja. Mama akakaa kwenye kigoda cha viatu, mimi juu ya sanduku. Nikajaribu kumfikiria Demyan. Kikaja kitu kidogo: katika miaka yote tisa, nikianguka, Demyan aliangalia kwanza jukwaani, nani ameona. Ndipo ananigeukia.

Ustya hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi na mwanasesere wake, akamshika kiunoni kwa mikono miwili. "Moja, mbili, aya tende," akasema, akamrusha. Mwanasesere akagonga ukuta. Ustya akamkimbilia, akamnyooshea mkono, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi pia nikacheka, na kicheko kiliponishika nikajua mwili wangu umeshaamua tangu golini.

"Dakika haijaisha," mama akanong'ona.

"Imeisha. Mvalishe kofia, tunakwenda uwanjani."

"Na treni?"

"Treni inajua njia bila mimi."

Mama alinitazama, akatazama sanduku nililokalia, lenye viatu vyangu vya barafu. "Basi libebe mwenyewe," akasema. "Mimi nambeba mtoto."

Tulifika saa nne na dakika saba. Ignat alikuwa peke yake katikati ya barafu, mbele ya watu watatu wa kamati, na Rimma Arkadyevna anawaeleza kwa uso mkavu kabisa kwamba mwenzake yuko chooni.

"Amekwenda chooni na sanduku?" akauliza mwenyekiti, Prokhor Savvich, akinitazama nikiingia.

"Ana tumbo baya," akasema Rimma Arkadyevna.

Nikafunga viatu. Ignat akasema tu, "Simama kushoto," nikasimama kushoto. Tukaruka, tukafunguka, tukatua pamoja.

Prokhor Savvich akavua miwani. "Huyu kaenda huku na huyu kule. Si makosa hayo?"

"Ni kioo, Prokhor Savvich. Ukijitazama kwenye kioo huwa unasema kimekosea?" akauliza Rimma Arkadyevna.

"Asubuhi, ndiyo," akasema.

Kisha Ignat akanishika kiuno. Moja, mbili, haya twende. Nikapaa, juu kuliko siku zote, na huko juu kulikuwa na nafasi tele, ningeweza kukaa. Nikatua kwa mguu mmoja, kidole kimoja cha mkono kikigusa barafu. Kidole hicho kimoja Prokhor Savvich alikiandika, nilimwona. Halafu akaandika na saa zetu: saa kumi na mbili asubuhi, mara nne kwa wiki, kabla ya watoto.

Simu yangu iliita mfukoni mwa koti langu. Mama akaipokea. "Hapana, Demyan, mwanangu," nilimsikia akisema, "kwenye behewa hayumo. Wewe mlishe huyo binti vizuri, anakua."

Ignat akamchukua Ustya, akamzungusha kulia, mara tatu, nne, mpaka kofia ikaruka. Alipomshusha, mtoto aliyumba, macho yamepishana. Nikamchukua mimi, nikamzungusha kushoto, idadi ileile. Akasimama wima, akatutazama mmoja mmoja.

"Tena," akasema. "Wote."