Saa Tatu ya Nani

Zuena hakupiga kelele. Alikiweka kikadi mezani, akamwonyesha Auleria palipoandikwa 9:00.

"Saa tisa mmeandika wenyewe. Nimekuja saa tisa, naambiwa daktari wa moyo kaondoka saa sita. Mwanangu anavimba miguu, dada. Nisubiri wiki mbili tena?"

Auleria alitamani ardhi ipasuke immeze. Fomu ile ya kwenye kompyuta aliitengeneza yeye, hapo hapo kwenye zahanati ya Daktari Mwinjuma, Mwananyamala, mwaka ule wa 1999, na alikuwa ameiringia kweli kweli: mfanyakazi anajaza miadi ya mgonjwa, tovuti ya zahanati inaitunza, mashine inatoa kadi. Sasa fomu hiyo hiyo imemnyima Naima, mtoto wa miaka minne, daktari anayekuja kila baada ya wiki mbili.

Kosa lilikuwa la kijinga, la mtu aliyesomea kompyuta kwa vitabu vya wageni akasahau kwao saa zinahesabiwaje. Kisanduku cha muda kilipokea tarakimu tupu, bila asubuhi wala alasiri. Gladness wa mapokezi alijaza kizungu: 9:00 yake ni saa tatu asubuhi, 3:00 yake ni saa tisa alasiri. Muuguzi Munira alijaza kama anavyosema: 3:00 yake ni saa tatu asubuhi. Mashine ikapokea yote, ikatunza yote, wala haikuuliza.

"Binti, turudi kwenye daftari," alisema Daktari Mwinjuma. "Daftari halijawahi kumpotezea mtu saa."

"Nipe mpaka Jumamosi ya kliniki, dokta. Naima asipoonwa siku hiyo, nitaifunga mashine kwenye boksi lake mwenyewe."

Kurekebisha fomu kulichukua siku mbili. Tarakimu tupu zikaondoka. Sasa mtu anachagua saa kama inavyotamkwa, kisha anachagua asubuhi, mchana, alasiri au jioni. Ndani mashine itunze kwa mtindo wake inavyotaka, lakini kwenye kadi itoke "saa tatu asubuhi" na si vinginevyo.

Kazi ilikuwa kwenye miadi thelathini na nane iliyokwisha kutunzwa. Auleria alikaribia kusogeza zote kwa saa sita kwa mkupuo mmoja, akajizuia kidole kikiwa juu ya kitufe. Angewanyoosha wagonjwa wa Munira na kuwaharibia wa Gladness, na fomu haikuwa imetunza jina la aliyejaza. Hapo hesabu ilikuwa imegota.

"Basi nitawafuata wenyewe, tupange upya," alimwambia Gladness.

"Nyumba kwa nyumba? Sista, una wazimu wewe."

"Ninao."

Akatembea. Sinza, Mabibo, vichochoro vya Mwananyamala, orodha mkononi na viatu vikimchuna visigino. Alimuuliza kila mama anaweza kuja saa ngapi, akaandika maneno yale yale aliyoyasikia, akarudi kuyajaza. Saa za zamani hakuzifuta. Aliziacha pembeni ya zile mpya ili kila afunguapo fomu aione aibu yake.

Nyumba ya Zuena aliiweka mwisho kwa woga. Alimkuta kibarazani akichambua mchele.

"Jumamosi, saa tatu asubuhi," Auleria alisema, akimpa kadi mpya.

"Saa tatu ya nani?"

"Yetu sote, mama Naima. Hata kwetu Bukoba tunahesabu hivyo hivyo."

Zuena hakucheka. Aliifunga kadi kwenye pindo la khanga, akarudi kwenye mchele wake.

Jumamosi Auleria alifika saa kumi na mbili na nusu ili aiwashe mashine mapema. Kwenye benchi la nje, peke yake, aliketi Zuena, mtoto amelala mapajani, miguu yake midogo imejaa kama mikate.

"Umekuja saa ngapi, mama Naima?"

"Tangu adhana ya alfajiri. Safari hii, saa yoyote mtakayoamua nyie, mtanikuta hapa."

Auleria alikuwa na maelezo mengi kuhusu fomu mpya, na yote yalikuwa ya kweli. Hakutoa hata moja. Alisema, "Nisamehe," akaketi kando yake, akampokea mtoto ili mama anyooshe mgongo. Daktari wa moyo alipofungua mlango saa tatu kamili na kuita jina la kwanza, la Naima, mtoto alikuwa bado mikononi mwa Auleria.