Mguu wa Kipimo

"Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa," Kipimo alihesabu, mguu wake wa kushoto ukiwa ndani ya maji hadi juu ya kifundo. "Ishirini." Akautoa taratibu, akaukung'uta, akamgeukia mzee aliyekuwa akingoja kwenye benchi na taulo begani. "Maji yako tayari, Fundi. Karibu."

Fundi alikuwa mshonaji mstaafu. Miaka arobaini alikuwa ameyakunja magoti chini ya cherehani, na sasa magoti yalikuwa yakilipiza kisasi. Kila asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye dimbwi la maji moto, na kila asubuhi, akishazama hadi kifuani, alishusha pumzi ndefu na kusema kwamba kama peponi hakuna maji ya namna hii basi asisumbuliwe kupelekwa huko. Kipimo alimjibu kila siku kwamba asiwe na wasiwasi, hakuna aliyemwalika.

Maji yalitoka ardhini yakichemka, kwenye jicho la chemchemi lililozungushiwa uzio, yakateremka kwa mfereji wa mawe hadi dimbwini. Upande wa pili uliingia mfereji wa maji baridi kutoka kijitoni, uliofungwa kwa ubao. Kazi ya Kipimo ilikuwa kuinua ubao ule au kuushusha mpaka maji hayo mawili yapatane. Kipimajoto waliwahi kuletewa, kikavunjika wiki ya kwanza, na hakuna aliyekililia, maana mguu ulikuwepo. Ukivumilia hesabu ya ishirini bila mwenyewe kukunja uso, watu waingie. Ukishindwa kwenye kumi, baridi iongezwe. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Tena alikuwa mwanamke mkali. Hakumruhusu mtu kukaa majini zaidi ya dakika ishirini, hata kama ni bwana harusi. Wenye shinikizo la damu aliwakalisha kwenye ngazi ya juu, maji yawaishie kiunoni. Wajawazito aliwarudisha nyumbani na pole zao. Aliyetumbukiza kichwa alipigiwa kelele mara moja, kwa sababu maji ya vuguvugu yaliyotulia hukaa na vijidudu vinavyopenda kupitia puani, na Kipimo alikuwa amesikia habari ya kijana mmoja wa mbali ambaye hakurudi kuisimulia. Na kwenye mlango wa kuingilia alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: MWENYE KIDONDA ASIINGIE.

Fundi alishuka ngazi ya kwanza, akasimama. "Leo maji yana hasira," alisema.

Kipimo alikuwa ameshaanza kufagia majani. Bila kugeuka alimwambia kuwa si maji, ni uzee, ngozi yake imekuwa karatasi. Fundi akacheka. Alikuwa ameuona mguu ule kwa macho yake, umetulia majini hesabu nzima, na mwenye mguu hakupepesa jicho. Mwanamume mzima atatokaje? Akauma meno, akashuka ngazi ya pili, ya tatu, akakaa.

Hakushusha pumzi wala hakutaja pepo. Ukimya ule ndio uliomfanya Kipimo ageuke, akamwona Fundi ameinamia mbele, uso umemwiva, kidevu kinaelekea kugusa maji. Alitupa fagio. Alipiga magoti ukingoni, akamshika makwapani, akamvuta kwa nguvu asizojua alizitoa wapi, huku akimwita na kumwambia kichwa juu, kaka, kichwa juu. Alipomfikisha kwenye sakafu ya mawe, miguu ya mzee ilikuwa myekundu kutoka nyayo hadi mapajani.

Msimamizi alikuja mbio kutoka ofisini, wakamwagia Fundi maji ya kijito polepole, naye akafumbua macho na kuomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyekosea. Alipelekwa zahanati kwa gari la msimamizi.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alirudi baada ya saa moja na karatasi, akamkuta Kipimo ameketi kwenye benchi la Fundi, mikono mapajani. Alimweleza kwamba mzee anaendelea vizuri, ameungua juujuu tu na kizunguzungu kimepita, lakini lazima taarifa iandikwe. Alikuwa ameiandika. Ilisema kwamba mhusika alipitiliza muda aliopangiwa, kinyume cha maelekezo.

"Tia sahihi hapa, mama," alisema. "Ukifanya hivyo, kesho tunaendelea na kazi."

"Hakupitiliza muda. Hakukaa hata dakika tatu."

"Sasa tuandike nini? Maji uliyapima?"

"Niliyapima. Yalikuwa sawa."

Na aliamini hivyo, ndiyo shida yenyewe. Msimamizi akamwachia karatasi na kalamu, akamwambia afikirie, wala asiogope.

Kipimo alibaki peke yake na dimbwi lake. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Ile ilikuwa nusu ya mwili wake, na jioni, wateja wakishaondoka, aliingia mwenyewe majini na kukaa mpaka mifupa yote ikasahau siku. Angetia sahihi, nani angeumia? Fundi mwenyewe alikuwa ameshaomba radhi.

Aliinuka ili aokote jiwe la kusugulia visigino ambalo mzee alikuwa ameliangusha kwenye ngazi ya pili. Akainama, akaingiza mkono.

Aliutoa upesi kuliko alivyouingiza.

Alisimama akiutazama mkono wake, halafu akautazama mguu. Akavua kandambili. Akautia mguu mahali palepale mkono ulipokataa, akahesabu. Moja hadi ishirini. Mguu ulitulia kama mtoto aliyelala. Akaendelea hadi thelathini, naye machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka, maana sasa alielewa kwamba haukuwa ukivumilia. Haukuwa na habari.

Akaenda kuutazama mfereji wa baridi. Kiangazi kilikuwa kimekipunguza kijito, na majani yalikuwa yameziba chini ya ubao. Yalikuwa yakipita maji ya kujaza kikombe. Usiku kucha, tangu alipotoka majini jioni, dimbwi lilikuwa likipanda joto, na asubuhi yeye akalitolea cheti.

Aliinua ubao hadi mwisho, akafunga lango, akaichukua ile karatasi na kuelekea zahanati kwa miguu.

Muuguzi alikuwa dada wa makamo mwenye maneno machache. Alimkalisha Kipimo kitandani, akamtaka afumbe macho. "Nitakugusa unyayoni kwa uzi huu, mama. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Kipimo alifumba macho, akangoja. Alingoja sana. Nje mtu alikuwa akivuta kiti. Akafikiri huenda muuguzi ametoka kutafuta kitu, akaona aibu kukaa pale na mguu hewani.

"Bado hujaanza?" aliuliza.

"Nimeshamaliza," muuguzi alisema. "Fumbua macho."

Kisha akauinua mguu ule wa kushoto na kumsogezea kioo kidogo, Kipimo auone upande wa chini. Chini ya kisigino palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake nyeupe kwa kulowa. Halikuwa jeraha la jana. Kipimo aliyekuwa amewarudisha watu mlangoni miaka kumi na tisa, hata kwa mchubuko wa kunyoa, alikuwa amekitumbukiza kidonda hicho kwenye maji ya wote kila asubuhi na kila jioni.

Tone la damu kidoleni likasema yaliyobaki. Ni sukari, tena ya siku nyingi. Muuguzi alieleza kwamba maradhi haya huanza kuizima miguu, na mikono hufuata baadaye, au haifuati kabisa mtu akijitunza. Kuna vidonge, kuna chakula cha kupangilia, kuna viatu vya kufunika na kukagua nyayo kila siku kwa kioo. Kidonda kimewahiwa, kitapona. Mguu hautakatwa, kama ndilo alilokuwa akiliogopa. Kipimo alikuwa akiliogopa, ila kulikuwa na lingine aliloliogopa zaidi.

"Na maji?" aliuliza.

"Kuloweka miguu kwenye maji moto, hapana, mama. Hata kidonda kikipona. Hutajua yanapokuunguza."

Alilia hapo, waziwazi, kama anavyolia mtu aliyeambiwa nyumba yake imehama. Muuguzi alimpa pamba badala ya leso na kuendelea kufunga bandeji.

Fundi alikuwa bado kwenye benchi la nje, miguu imefungwa vitambaa vyeupe, akimngoja mkwewe aje kumchukua. Kipimo akaketi kando yake. Alijua angeweza kuanza na habari za kiangazi na majani. Akaanza na mguu.

"Kaka, mguu wangu umekufa ganzi. Sijui tangu lini. Nilikwambia maji yako tayari nami sikuwa najua kitu."

Fundi alitazama bandeji ya mwenzake, kisha zake.

"Mimi nilisikia moto tangu ngazi ya kwanza," alisema. "Nikaona aibu kutoka. Nikasema, huyu mwanamke anahesabu ishirini, mimi nikimbie kwenye mbili?" Akaanza kucheka, kicheko kilichomuumiza mapaja, akakisitisha. "Nusura nife kwa kushindana na mguu usiosikia."

Kipimo alitaka kusema samahani, ikawa ndogo mno, kwa hiyo akamshika mkono wakakaa hivyo mpaka mkwe akafika.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea msimamizi karatasi. Maandishi ya awali alikuwa ameyakata kwa mstari mmoja, na chini yake ameandika kwa herufi zake kubwa za pale mlangoni: Nilipima kwa mguu uliokufa ganzi. Mzee hana kosa. Akatia sahihi kwa jina la kwenye kitambulisho, na msimamizi ilibidi aulize ni la nani.

Hakufurahi. Alisema ameletewa tatizo alilokuwa ameshalitatua. Alisema dimbwi litafungwa, lisafishwe hadi mawe ya chini, mfereji utengenezwe, na kuhusu kazi ya Kipimo ataona. Ataona! Wiki tatu alikuwa akiona. Binti yake Kipimo, aliyefanya kazi kiwanda cha mikate na kuondoka kabla hakujakucha, alimwachia mama yake kioo na soksi safi mezani kila siku, na kila siku alirudi na swali moja tu, wamesemaje. Kipimo alimeza vidonge, akakagua nyayo, akajifunza kutembea na viatu vya kufunga ndani ya nyumba kama mgeni. Jioni saa ya kuoga kwake ikifika, hakujua aende wapi.

Siku ya ishirini na mbili msimamizi alimpigia simu. Kipimajoto kipya kilikuwa kimekuja, kina kamba, lakini wateja walikuwa wakifika hadi mlangoni, wakiuliza Kipimo yuko wapi na kurudi makwao. Aje. Atumie hicho kifaa, na mguu abaki nao ndani ya kiatu.

Fundi alikuwa kwenye benchi, taulo begani, suruali imekunjwa. Ngozi mpya miguuni mwake ilikuwa na rangi nyepesi.

Kipimo alitumbukiza kipimajoto, akakisoma, akakisoma tena. Thelathini na tisa. Namba nzuri. Hata hivyo akatandika gunia kwenye mawe, akapiga magoti, akakunja mkono wa blauzi hadi juu, na kuingiza kiwiko majini, kama alivyokuwa akifanya kwenye beseni binti yake alipokuwa na siku saba duniani.

Ujoto ukamshika. Ukapanda taratibu hadi begani, mpaka kwenye shingo, na kitu kilichokuwa kimejikaza ndani yake tangu siku ile kikaanza kulegea. Akafumba macho kidogo.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Akasikia benchi likilia. Fundi alikuwa akija, goti moja, kisha la pili, kwa kuguna, mpaka akapiga magoti kando yake. Akauingiza mkono wake mkavu wa kushonea majini, karibu na wa Kipimo.

"Wewe unasemaje?" Kipimo alimuuliza. Miaka yote ile hakuwahi kumuuliza mtu.

"Usinikatishe," Fundi alisema. "Nne. Tano."

Wakaendelea kuhesabu pamoja, mvuke ukipita baina ya nyuso zao. Walipofika ishirini hakuna aliyeutoa mkono.