Blanketi la Kufunikia Kahawa

"Hivi, Mama Zita, kahawa yako inasikia baridi kuliko wewe?"

Jirani yangu Kunigunda aliniuliza hivyo mwaka ule niliofiwa na mume wangu. Alinikuta nimejitanda kitenge tu, huku blanketi zito la sufu limefunika pipa la kahawa.

Nikamjibu ndiyo. Hapa Maguu baridi ya Julai si ya mchezo, na kahawa iliyomenywa isipopata joto haiachi ute wake. Magunia yanapitisha upepo. Blanketi lile jekundu, lenye michoro myeusi kama ngazi, halipitishi kitu. Lilikuwa la baba mkwe, mzee Pankras, aliyekuwa mpishi misheni ya Kigonsera. Padri mmoja Mmarekani alimwachia alipokuwa anarudi kwao.

Mwaka huu bwana shamba Alex akaniletea mgeni, mnunuzi wa kahawa kutoka hukohuko Marekani. Walinikuta nimepiga magoti kando ya pipa, nasali sala ya Malaika wa Bwana. Nilipoinuka, nikamwona mzungu naye amepiga magoti. Nikafurahi, nikadhani ni Mkatoliki mwenzangu. Kumbe anachungulia upindo wa blanketi!

"Mama," Alex akatafsiri, macho yamemtoka, "anasema hili limefumwa kwa mkono na akina mama wa Kinavajo, wenyeji wa asili wa Marekani. Lina zaidi ya miaka mia. Ukiliuza, unajenga nyumba nzima Mbinga mjini."

"Na kahawa yangu je?"

"Hajaitazama bado."

Picha zikapelekwa kwa wajuzi wa mablanketi hayo, nao wakakubali kulinunua, hata na doa lake la kahawa. Nikamshukuru Mungu. Zita wangu angerudi chuo cha uuguzi alichokiacha kwa kukosa ada.

Jumapili, tumetoka tu misa, akaingia shemeji Dastan, mdogo wa marehemu mume wangu; habari zilishamfikia. Kunigunda alikuwa uani kwangu anachambua kahawa.

"Shemeji, blanketi la baba ni mali ya ukoo. Nimelifuata."

Nikamsogezea kigoda.

"Sawa, shemeji. Basi tugawe upya. Siku ya kumaliza matanga ulichukua baiskeli, ukachukua shamba la bondeni, na mashine ya kumenyea kahawa; mpaka leo mimi naazima ya watu. Mimi ukaniambia nibaki na tambara."

"Tena alilisukuma kwa mguu," Kunigunda akadakia. "Nilikuwepo."

"Hayo mambo ya zamani!"

"Blanketi ni la zamani zaidi," nikasema. Nikaenda kulitoa, nikalitandaza mkekani mbele yake. "Haya, langu hili hapa. Lete baiskeli, lete mashine, na shamba nalo lihesabiwe. Tumwite katekista na wazee, tuanze kitu kimoja kimoja."

Baiskeli alishaiuza. Shambani alishajenga nyumba, na mke wa pili yumo ndani.

Dastan akalitazama blanketi. Akamtazama Kunigunda, aliyeinamia ungo mabega yakimtikisika kwa kicheko. Akaokota kofia yake, akatoka bila hata kuaga.