Sukari Chini ya Unga

Jedidah aliweka kibao cha chapati mezani, akakitandika taulo safi, akamwaga sukari juu yake. Juu ya sukari akatandaza unga wa ngano na kuukandamiza kwa kiganja. Mdogo wake Wawira na mumewe Kiprop, waliofika kwake Carrollton jana yake kutoka Missouri City, kando ya Houston, walimtazama huku wakinywa chai.

Mizigo ilikuwa tayari mlangoni. Asubuhi hiyo ya Ijumaa wangeanza safari ya Colorado, kwenye kibanda cha milimani kisichofikiwa na gari. Mtu huenda kwa miguu, akikatiza mteremko mrefu wa theluji. Lililobaki ni kuamua siku: Jumamosi au Jumapili. Jedidah ndiye kiongozi, na wote watatu wangetembea juu ya jibu lake.

"Tumbo langu halitaki huo mteremko, shem," alisema Kiprop.

"Tumbo si kipimo. Angalia hapa."

Sukari, alieleza, ni theluji ya zamani ambayo chembe zake hazishikani. Unga ni theluji mpya iliyoshindiliwa na upepo. Aliinua ncha moja ya kibao mpaka simu aliyoiegemeza ubavuni ikasoma digrii thelathini na tano. Unga ukatulia. Akaongeza kikombe kimoja cha unga. Ukatulia. Alipomimina cha pili, ufa ulichora mstari juu kabisa, na bamba zima likateleza kwa mkupuo hadi kwenye kikombe cha Kiprop.

"Chai yangu ilikuwa na sukari tayari," alisema Kiprop.

"Hilo ndilo poromoko. Kwa hiyo tutakatiza Jumapili. Taarifa ya hatari ya maporomoko inasema Jumamosi ni namba tatu, Jumapili nne. Nne ni afadhali."

Kwa miaka kumi na mmoja Jedidah alikuwa muuguzi wa mapokezi katika idara ya dharura, ambako kila mgonjwa hupewa namba, moja hadi tano. Moja hapumui. Nne ameteguka kifundo cha mguu na anangoja kitini akichezea simu. Namba nne haikuwahi kumwondoa Jedidah kwenye kiti chake.

Kiprop, ambaye kazi yake Houston ni kukagua lifti, alikuwa akichota unga kwenye chai kwa kijiko.

"Usiku wa Jumamosi itaanguka theluji kiasi gani?"

"Sentimita arobaini. Na upepo mkali."

"Si ndivyo hivyo vikombe viwili? Shem, mimi nikiongeza mzigo kwenye lifti, siandiki kwamba waya umepata nafuu."

Wawira alicheka. Jedidah hakucheka. Alitazama kibao, akatazama taarifa kwenye simu. Mambo hayo mawili hayangeweza kuwa kweli yote, na moja lilikuwa limemwagika mezani. Akaifungua taarifa tena na kushuka hadi chini kabisa, mahali ambapo hakuwahi kufika kwa kudhani anapajua.

Moja: hatari ndogo. Tatu: uzito wa mtu mmoja unaweza kuangusha theluji. Nne: usipite kwenye miteremko hiyo wala chini yake.

"Hawa wanahesabu kinyume na sisi," alisema polepole.

"Kwa hiyo sister, mgonjwa mahututi umemwambia akae kitini angoje," alisema Wawira.

"Nimemwambia hivyo. Na kibanda nakifuta, siku zote mbili. Kuna bonde tambarare lisilo na mteremko juu yake. Tutatembea huko."

"Tumbo langu lilisema," Kiprop alijitapa.

"Lilikupa sababu?"

"Hapana."

"Basi shukrani zangu ni kwa swali la mzigo. Tumbo lisijipendekeze."

Alikung'uta unga na sukari ndani ya bakuli, akaongeza maziwa, hamira na iliki, akaanza kukanda. Safari ingechelewa kwa saa mbili, lakini ingekuwa na mandazi.

"Mimi nitakula manne," alisema Kiprop.

"Nne ya hospitali au ya mlimani?" aliuliza Wawira.

"Ya mlimani."

Jedidah alimwongezea unga wa kutosha.