Usichume Jani Kabla ya Wakati

Nakuandikia wewe mwenye shamba la matufaha na mtoto mwenye mikono ya haraka. Soma, kisha utoke ukamtazame anafanya nini.

Mume wangu Eisaku alianguka kutoka ngazini akaumia mgongo. Shamba akamwachia binti yetu Michiru, ila kwa neno moja: "Mnunuzi akiyakataa matufaha yako mwaka huu, naikata miti yote. Majirani wamekata, na bado wanakula wali." Tangu hapo sikutulia. Napika, naacha sufuria, nachungulia dirishani.

Bwana Sasamori, mnunuzi wetu, anataka tufaha jekundu pande zote, la kupanga kwenye boksi la zawadi za mwisho wa mwaka. Ndiyo maana huku Tsugaru, kaskazini mwa Japani, mavuno yakikaribia, tunachuma majani yanayolifunika tunda ili jua lilifikie. Tunachuma machache, tena kwa kuchelewa.

Basi siku moja, joto la kiangazi halijaisha, nikaona miti ya upande wa juu wa shamba ina mwanga mwingi mno. Nikatoka mbio.

"Michiru! Shusha mikono!"

"Mama, umetoka na malapa ya ndani?" Alikuwa juu ya ngazi, anacheka. "Majirani watadhani nyumba inaungua."

"Si bora ingekuwa nyumba! Umeivua miti nguo zote!"

"Ili tunda lipate jua. Si jua ndilo linalotia utamu?"

"Jua likilipiga tunda linatia rangi tu. Utamu unapikwa na jani."

"Mama naye! Jani lina jiko?"

"Linalo. Linapokea maji kutoka mizizini, linavuta hewa, linapika kwa mwanga wa jua, inatoka sukari. Hiyo ndiyo inayoshuka kwenye tunda. Inayobaki mti unaiweka akiba kwenye shina na mizizi, iuvushe baridi na itoe maua mwakani. Wewe umewafukuza wapishi, halafu unangoja chakula!"

"Haya, nimesikia," akasema, midomo imemtoka. Lakini alishuka. Miti ya chini ikabaki na majani yake.

Nilishinda nikizunguka shambani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Matufaha ya juu yaliiva mekundu mpaka yakang'aa, na Michiru akawa ananitupia jicho: unaona? Niliona. Ndiyo kwanza nikazidi kuzunguka.

Bwana Sasamori alipokuja alilikata moja la juu, akatafuna, akatema kwenye kitambaa. "Sura ya bibi harusi, ladha ya maji ya bomba."

Michiru akanywea. Eisaku, aliyekaa barazani, akajikohoza. Sikungoja. Nilikimbilia miti ya chini nikarudi na tufaha lenye baka la njano, umbo la jani lililolifunika.

"Hili lina doa, Mama Michiru."

"Likate kwanza, bwana."

Akalikata. Katikati palikuwa na ile tunayoiita asali, nyama ya tunda inayong'aa kwa utamu, imetapakaa kuzunguka mbegu. Akala kipande, akakata kingine. Mwisho akajifuta kidevu. "Ya chini nachukua. Ya juu mkakamue juisi."

Nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Theluji ilipoanguka, kila nikiweka wali mezani naiwaza ile miti ya juu imesimama nje na ghala tupu la sukari. Baridi ilipoondoka, miti ya chini ikawa nyeupe kwa maua. Ya juu ikatoa vijani vidogo, kwa kuchelewa, wala ua hata moja.

Eisaku akapanda huko na fimbo mkono mmoja, msumeno mkono wa pili. Michiru akasimama mbele ya mti.

"Haijafa, baba. Ina njaa."

"Nani kakwambia?"

"Mama. Mimi ndiye niliyekataa kusikia."

Eisaku akakishika kijani kimoja, akakigeuza, akakiachia. "Basi iache ipate kula kwanza," akasema, akautundika msumeno kwenye tawi na kushuka polepole.

Hajaurudisha stoo mpaka leo. Kila asubuhi naenda kuhesabu majani, na kumtazama Michiru mikononi. Wewe je, mtoto wako yuko wapi saa hizi?