Antena Isiyohitaji Mtu Juu ya Bati

Utotoni jina lake la nyumbani lilikuwa Kipaza, na hakulipata kwa bahati mbaya. Kila jioni runinga ya kwao ilipoingia chenga, baba yake, fundi viatu, alipanda juu ya bati kushika nguzo ya antena, na mama akamsimamisha mtoto dirishani.

"Mwambie baba yako kulia!"

Naye anapasua koo: "Babaaa! Kuliaaa! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiachie!"

Akiachia tu, chenga hizo. Basi baba wa watu akabaki juu kama mlingoti, akisikia nyumba nzima ikicheka kipindi ambacho yeye hakukiona hata siku moja.

Jambo hilo lilimkaa Kipaza rohoni. Alikua nalo, akaenda nalo chuoni, na sasa alikuwa mtafiti mwenye miwani minene na mvi mbili tatu anazozikana, aliyemaliza ujana wake akitengeneza antena inayojigeuza. Ilikuwa kibao bapa kinachoenea kiganjani, kimejaa swichi ndogo kama chembe za sukari. Mawimbi yakizibwa upande huu, swichi zinajifunga na kujifungua zenyewe, na kibao kinaanza kusikiliza upande mwingine bila kusogea hata kidogo.

Mama hakuwahi kukiona. Tangu alipofariki, fundi viatu alihamia kwa binti yake, akawa mgeni mpole kupita kiasi. Macho yalikuwa yamekataa kushona. Alikula alichopewa, akasema asante, akakaa. Ukimya ule ulimtafuna Kipaza. Akaamua kumpeleka maabara, akiamini mzee ataona alichofanyiwa na atachangamka.

Alimkalisha mbele ya skrini iliyokuwa ikionyesha mechi ya zamani, kisha akasimamisha kipande cha bati mbele ya kibao, kilichokuwa juu ya kigingi chake. Picha ikavunjika vipande vipande. Kufumba na kufumbua, ikarudi safi.

"Umeona, Baba? Hakuna wa kupanda juu tena. Ingekuwepo enzi zile, ungekuwa umekaa ndani na sisi."

"Hongera, mwanangu. Kazi kubwa hii." Mzee aliitazama mikono yake, asijue aiweke wapi.

"Mbona kama hujafurahi?"

"Nimefurahi. Ila wewe ulidhani nilikuwa nateseka kule?" Akacheka kidogo. "Kule juu nilikuwa mfalme! Nyumba nzima inaniita mimi. Mama yako angeweza kuninunia kutwa nzima, lakini zikiingia chenga tu, utamsikia: mwite baba yako. Siku hizi nakaa pale kwako tangu asubuhi, haniiti mtu."

Miaka yote hiyo Kipaza alimhurumia mtu ambaye hakuhitaji huruma, na sasa mtu huyo alipohitaji kitu, yeye alikuwa amempa kiti. Iliuma, tena iliuma sana.

Alisogea kwenye kompyuta kama anayetafuta jambo jingine, akazizima swichi zote isipokuwa za upande mmoja, ule usiofaa, kibao kisiweze kujigeuza. Picha ikasambaratika.

"Baba! Imepotea!"

Mzee alikuwa ameshasimama. Wala hakuuliza ile akili ya kibao imekwenda wapi. Alikishika pamoja na kigingi chake kwa mikono miwili. "Niende wapi?"

"Kulia! Kulia kidogo!" Sauti ilimtoka ile ile ya dirishani, hadi mlinzi wa jengo akachungulia mlangoni kuona nani anapigwa. "Umezidisha! Rudisha! Hapo hapo, Baba, usiachie!"

Picha ikatulia, safi kabisa. Fundi viatu akageuza shingo akaitazama vizuri, na uso wake ukafunguka. Kisha, taratibu, akakizungusha kibao kikapita pale penyewe, picha ikavunjika tena, naye akampa binti yake mgongo, akasubiri kuitwa.