Kompyuta Iliyovundikwa

Bi Asmaa aliisoma barua mara ya pili. Si kwamba hakuielewa, ila hasira nayo ni kama jiko la pumba za mbao: usipolichochea linafifia.

"Onyo la pili na la mwisho. Unaharibu kompyuta ya shule kwa kuijaza virusi vya taarabu." Kompyuta ikilia tena, afungashe virago.

Miaka kumi na tisa alikuwa mhazili wa sekondari ile ya binafsi pale Mafinga. Na barua yenyewe hakupewa mkononi kama mtu mwenye heshima zake. Mwalimu Sedekia, mkuu wa shule, aliisoma kwa sauti saa nne, katika chumba cha walimu, vikombe vya chai mikononi. Mmoja alicheka mpaka andazi likampalia. Bi Asmaa akamwombea limkwame vizuri.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kompyuta ile ukiiandikisha barua moja moja, inatulia kama mkwe mgeni. Lakini ukiipa kazi nzito, ukaiambia itengeneze ripoti za wanafunzi mia sita na picha zao kwa mpigo, basi baada ya robo saa inaanza: pii! pii! pii! Kisha inazimika, na kazi yote inapotea. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na shule ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Fundi Farhan alishakuja mara mbili kutoka Soweto ya Mbeya. Mara zote akaikuta mezani kwa Mkuu, akapuliza vumbi, akaipa kazi nzito, nayo ikafanya bila kukohoa. Akaandika: "Mashine ni nzima. Tatizo ni mtumiaji."

"Mtumiaji!" Bi Asmaa alilirudia neno hilo akirudi ofisini kwake, kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali.

Alifika akiwa ameshakata shauri kwamba leo hamwachii mtu kitu, hata ndizi zake. Ijumaa iliyopita Mwalimu Clement alimletea kichane kutoka kwao Tukuyu, mbichi, ngumu kama rungu, naye akakiweka juu ya sanduku la kompyuta na kukifunika kwa kanga. Alipoifunua kanga, harufu ikampiga puani. Ndizi zilikuwa njano tupu, mbili zimeshapasuka.

Siku tatu! Kwa baridi ya Juni ya Mafinga, ndizi mbichi hukaa wiki mbili ikikutazama tu.

"Nani kazivundika?" akauliza, na ofisini hakuna mtu.

Akaweka kiganja juu ya sanduku, akakuta mbao zina joto kama jungu. Hilo sanduku lilikuwa kipenzi cha Mkuu. Aliogopa wezi, akamwagiza seremala alitengeneze kwa mbao nene za msonobari, akatia kufuli kubwa, ufunguo akautundika kiunoni. Kompyuta ikafungiwa humo, ikiwaka usiku na mchana, imeachiwa matundu mawili tu: moja la kupitisha nyaya, jingine la kuingiza kidole cha kuwashia. Skrini ndiyo ilikaa nje, mezani. Walimu nao walilipenda. Asubuhi za baridi walikuja kupasha viganja moto juu yake wakisema, "Ofisi yako ina baraka, Bi Asmaa." Na yeye, mtoto wa mama aliyevundika ndizi maisha yake yote, alikuwa akiitikia amina!

Hapo ndipo hasira ilipopanda kweli. Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu, hodi akaipiga akiwa tayari ndani.

"Mkuu, naomba ufunguo. Kompyuta inaungua mle."

"Inaungua? Bi Asmaa, asubuhi nimekuta barafu kwenye kioo cha gari. Unaniambia joto, Mafinga hii?"

"Gari lako halijafungiwa sandukuni."

"Nenda kafute taarabu yako."

"Taarabu yangu iko nyumbani, kwenye redio. Na redio haijawahi kulia pii."

Ufunguo hakupewa. Akatoka uani, akampigia Farhan.

"Shikamoo, mama."

"Baki nayo shikamoo yako. Mwanaume mzima, mwenye mvi zake, unapima homa ya mgonjwa aliyeshatolewa motoni na kupepewa!"

"Moto gani tena, mama?"

"Ile kompyuta inakaa ndani ya sanduku la mbao, limefungwa pande zote."

Farhan akasema polepole, "Sanduku? Kila nikija naikuta mezani. Mkuu hajaniambia habari ya sanduku."

"Basi kesho njoo ulione. Na usiiguse mpaka nikwambie."

Jumanne Farhan akafika. Mkuu alikuwa ameshachomoa ufunguo aitoe, kama kawaida yake. Bi Asmaa akasimama kati yake na sanduku, mikono kiunoni.

"Leo atampima mgonjwa palepale anapolala."

Clement akaja kutazama. Farhan akaweka kwenye skrini kiduara cha kuonyesha joto la ndani, Bi Asmaa akaipa ripoti zote mia sita. Nyuzi sitini. Sabini na tano. Themanini na nane. Mkuu akakohoa. Ilipofika tisini na sita: pii! pii! pii!

"Virusi ndivyo hivyo, Mkuu," alisema Bi Asmaa. "Viimbie taarabu."

Wakaitoa, ikapoa, wakaipa kazi ileile juu ya meza. Joto lilipanda mpaka sitini na tatu, likagoma hapo. Ripoti zikaisha zote, bila sauti.

"Haipati hewa mle," alisema Farhan, macho chini. "Mama, ile ripoti yangu naifuta. Nilikukosea."

Mkuu akajikuna shingo. "Haya, tutalitoboa sanduku. Yamekwisha. Bi Asmaa, pita ofisini kwangu unywe soda, tuzungumze kiutu uzima."

"Umenivua nguo sokoni, Mkuu, huwezi kunivisha chumbani. Ile barua uliisoma wapi?"

Mkuu akamtazama Clement. Clement akatazama dari.

Kesho yake saa nne, chumba cha walimu. Mkuu alisimama, akasoma haraka kama anayefukuzwa na nyuki: barua zote mbili za onyo zimefutwa, Bi Asmaa hana kosa.

"Walio nyuma hawajasikia," akasema Bi Asmaa.

Waliokuwa nyuma walikuwa wawili, na masikio wanayo. Mkuu akarudia, taratibu.

Mnadhani alicheka? Wapi. Aliondoka na uso uleule, akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kuziandika bahasha za wazazi, akizigonga herufi kana kwamba kila moja ni pua ya Mkuu.